Kijana Anayejifunza Ufundi: Somo la Usalama Kazini kwa Familia



Katika shule nyingi za sekondari hapa Marekani, kijana anaweza kujifunza ufundi stadi huku akiendelea na masomo yake ya kawaida. Anaweza kuchagua useremala, uashi, ufundi umeme, ufundi bomba, uchomeleaji wa vyuma, utengenezaji wa magari, upishi au huduma kwa wagonjwa. Ni njia njema ya kufikia kazi yenye heshima, na familia nyingi zinazozungumza Kiswahili zimeipokea kwa furaha.

Kisha siku moja kijana hurudi nyumbani na karatasi mkononi, huiweka mezani na kusema, “Mama, weka sahihi hapa.” Karatasi imeandikwa kwa Kiingereza. Mama ametoka kazini alfajiri na amechoka. Anamwamini mwanawe, anaiamini shule. Anatia sahihi bila kujua kilichoandikwa.

Kijitabu hiki kinakuomba usubiri kidogo kabla ya kutia sahihi. Kimeandikwa kama somo ambalo mzazi na kijana wanaweza kulisoma pamoja, sehemu moja kila jioni. Mkilimaliza, mtaweza:

• kueleza kwa nini wanafunzi wa ufundi huumia, na namna ajali inavyozuiwa;
• kujua kazi ambazo sheria hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kuzifanya;
• kutambua dalili za madhara ambazo huonekana nyumbani, saa kadhaa baada ya kazi;
• kuzuia vumbi la kazini lisiwafikie watoto wadogo;
• kuuliza swali la usalama kwa adabu, bila woga.

SEHEMU YA 1: JE, AJALI HAINA KINGA?

Tumekua tukisikia wakubwa wetu wakisema kwamba ajali haina kinga. Msemo huu una faraja yake. Humtuliza aliyepatwa na msiba, na humzuia mtu kumlaumu jirani kwa jambo ambalo hakulikusudia. Lakini karakana si mahali pake. Msumeno wa meza unapokata kidole, mara nyingi sababu hujulikana: kifuniko cha kinga kilikuwa kimeondolewa, au kijana alisukuma ubao kwa mkono badala ya kutumia kijiti cha kusukumia, au alikuwa akiharakishwa. Kila moja ya sababu hizo ingeweza kuondolewa kabla ya saa ile kufika. Waliosema ajali haina kinga walisema pia: tahadhari kabla ya hatari. Karakanani tushike msemo huu wa pili.

Wataalamu wa afya kazini wanakubaliana kwamba mfanyakazi mgeni, wa umri wowote, yumo katika hatari kubwa zaidi katika miezi yake ya kwanza. Hajaizoea mashine, hajui mlio wake wa kawaida na mlio wa hitilafu, na hajui ni mtindo gani wa wenzake ni ustadi na upi ni uzembe tu. Kwa kijana huongezeka jambo jingine: anataka kuonyesha kwamba anaweza.

Kwa vijana wetu liko pia jambo la tatu, nalo linatuhusu sisi wazazi. Tumewafundisha kuamkia, kutomkatiza mkubwa anaposema, na kujibu “ndiyo” wanapoelekezwa. Hayo ni malezi mema na hatuyaachi. Lakini msimamizi asiyejua desturi zetu, akimwona kijana anatikisa kichwa, huamini kwamba ameelewa, kumbe kijana ametikisa kichwa kwa heshima tu. Mashine huwashwa, na kosa hutokea. Kwa hiyo kijana anahitaji ruhusa ya wazi kutoka kinywani mwa mzazi wake: “Mwanangu, kazini kuuliza si utovu wa adabu. Mimi mwenyewe nakutuma uulize.”

SEHEMU YA 2: NGAZI TANO ZA KINGA

Watu wengi wakisikia neno usalama hufikiria miwani, glavu na kofia ngumu. Vifaa hivyo ni muhimu, lakini katika mafunzo ya usalama huwekwa mwisho, kwa sababu havimwondolei mtu hatari; humkinga tu iwapo amevivaa sawasawa. Wanafunzi hufundishwa ngazi tano, kuanzia iliyo imara zaidi.

Tuchukue mfano wa kukata tofali au zege kwa msumeno wa umeme. Kazi hii hutoa vumbi laini lenye silika. Chembe zake ni ndogo mno hata hazionekani kwa jicho. Huingia ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa wake huitwa silikosisi, nao hauna tiba. Tangu mwaka 2017, sheria ya usalama katika ujenzi imeweka kikomo cha mikrogramu 50 za silika kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa zamu ya saa 8.

1. Kuondoa hatari. Je, tunaweza kuagiza matofali yaliyokwisha kukatwa kwa kipimo?
2. Kubadilisha. Je, tunaweza kutumia kifaa cha kupasulia tofali, ambacho hutoa vumbi dogo kuliko msumeno?
3. Kuzuia kwa mitambo. Kama lazima tukate, maji yamwagike kwenye msumeno ili yalaze vumbi, au mashine ya kufyonza ilivute hapo hapo linapotoka.
4. Kupanga kazi. Wasiohusika wakae mbali, muda wa kukata uwe mfupi, na sakafu isifagiliwe ikiwa kavu.
5. Vifaa vya mwilini. Kifaa cha kupumulia kinachofaa kwa vumbi hilo, kilichopimwa usoni mwa mvaaji. Barakoa ya kitambaa haitoshi.

Jioni moja mwombe kijana wako akueleze kazi anayojifunza kwa kuzifuata ngazi hizi tano, kwa Kiswahili. Asipoweza kueleza, si aibu; ni dalili kwamba liko swali la kumpelekea mwalimu kesho. Anayeweza kumfundisha mwingine ndiye aliyeelewa.

SEHEMU YA 3: SHERIA INASEMA NINI KUHUSU UMRI

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1938 kuhusu kazi na ujira ndiyo msingi wa ulinzi wa watoto na vijana kazini. Chini yake zimetangazwa amri 17 zinazotaja kazi za hatari, zisizo za shambani, ambazo mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuajiriwa kuzifanya. Miongoni mwake ni kazi za juu ya paa, kubomoa majengo, kuchimba mitaro, kuendesha foklifti, kutumia misumeno na mashine za umeme za useremala, na kutumia au kusafisha mashine ya umeme ya kukatia nyama, hata ile iliyoko katika mgahawa.

Baadhi ya amri hizo, si zote, zina nafasi ya pekee kwa wanafunzi wa ufundi na wanagenzi wa miaka 16 na 17. Kwa mfano, mwanafunzi anaweza kutumia msumeno wa umeme kazini, lakini kwa masharti haya:

• awe ameandikishwa katika programu ya mafunzo ya ufundi inayotambuliwa;
• kuwe na mkataba wa maandishi, uliotiwa sahihi na mwajiri pamoja na shule;
• kazi ya hatari iwe sehemu ndogo tu ya mafunzo yake, ifanywe kwa vipindi vifupi visivyofululiza;
• awe chini ya usimamizi wa karibu wa mtu mwenye sifa na uzoefu;
• shule iwe imemfundisha usalama, na mwajiri ayaunganishe mafunzo hayo na kazi yenyewe;
• kuwe na mpango unaoonyesha hatua kwa hatua atakachojifunza.

Yasipotimia masharti haya, ruhusa haipo. Foklifti na kubomoa majengo havimo kabisa katika nafasi hii ya pekee: hata mwanafunzi wa ufundi haruhusiwi. Jimbo lako linaweza kuwa na sheria kali zaidi. Panapokuwa na tofauti, ile inayomlinda kijana zaidi ndiyo inayofuatwa.

Kwa hiyo karatasi inapowekwa mezani, uliza: je, huu ndio mkataba wa mafunzo, au ni ruhusa ya jambo jingine? Ni nani atakayemsimamia? Atatumia mashine zipi? Omba shule ikupatie mkalimani bila malipo. Usimfanye kijana mwenyewe kuwa mkalimani wa karatasi inayomhusu, kwa kuwa hamu yake ya kuanza kazi inaweza kumfanya aruke mistari.

Neno kwa ndugu wenye biashara. Ni desturi yetu njema kwamba mjomba au baba mkubwa humchukua kijana siku ya Jumamosi ili ajifunze kazi. Lakini mkataba wa shule haumfuati kijana kwenye kazi ya mjomba. Hata biashara inayomilikiwa na wazazi wenyewe haimpi mtoto wao wa chini ya miaka 18 ruhusa ya kufanya kazi zilizotangazwa kuwa za hatari. Amfundishe kupima, kuhesabu vifaa na kuzungumza na wateja, paa lisubiri.

SEHEMU YA 4: HATARI KATIKA KILA UFUNDI

Useremala. Karibu na mashine inayozunguka, glavu si kinga. Zikinaswa huuvuta mkono mzima. Vivyo hivyo mikono mipana ya nguo, mikufu, bangili, nywele ndefu na ncha za mtandio. Binti anayevaa hijabu anaweza kuendelea kuivaa. Achague ya kitambaa cha kubana, na ncha zake azifiche ndani ya nguo. Vumbi la mbao nalo huweza kuleta pumu, hivyo kikohozi kinachomjia siku za darasa tu na kupoa siku za mapumziko mwambieni daktari.

Uchomeleaji. Mwanga wa kuchomelea huunguza macho bila mtu kuhisi wakati ule. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, pengine usiku: macho huwa mekundu, hutoa machozi, na kijana huhisi kama yamejaa mchanga. Msitie maziwa wala dawa ya mtu mwingine. Mpelekeni kwa daktari. Hata anayesimama kando akitazama huweza kuumia.

Dalili ya pili huwadanganya wengi wetu. Anayechomelea chuma kilichopakwa zinki bila hewa ya kutosha anaweza, saa chache baadaye, kupata homa, kutetemeka kwa baridi, kuumwa na viungo na kuhisi ladha ya chuma mdomoni. Mzazi aliyekulia Kigoma, Bujumbura au Bukavu atasema mara moja, “Hii ni malaria.” Huenda ni homa ya mafusho ya metali. Kwa kawaida hupoa katika siku moja au mbili, lakini ni onyo kwamba hewa ya karakana haifai. Mwambieni daktari kijana alichomelea nini siku hiyo, na kama familia imesafiri karibuni, ili atofautishe.

Ujenzi. Kuanguka ndiko kunakoongoza kwa vifo katika kazi za ujenzi. Kuanzia urefu wa futi 6, takriban mita 1.8, mwajiri lazima aweke kinga dhidi ya kuanguka. Ngazi ya kuegemeza isimame kwa kipimo cha nne kwa moja: kila futi 4 za kwenda juu, kitako chake kiwe futi 1 kutoka ukutani. Mtaro wenye kina cha futi 5 au zaidi lazima uwe na kinga dhidi ya kuporomoka, isipokuwa umechimbwa katika mwamba mtupu. Udongo unaojaza yadi moja ya ujazo huweza kuwa na uzito wa gari dogo. Aliyefukiwa hana nguvu ya kuusukuma.

Magari. Jeki huliinua gari, haikukusudiwa kulishikilia. Kabla ya mtu kuingia chini, gari liwe limekaa juu ya stendi imara za chuma. Vumbi la breki lisipulizwe kwa hewa ya kompresa, kwa kuwa breki za zamani huweza kuwa na asbesto, nayo huleta saratani.

Umeme. Kuzima swichi hakutoshi, kwa sababu mwingine aweza kuiwasha bila kujua kwamba mwenzake angali anafanya kazi. Swichi ifungwe kwa kufuli, lebo iwekwe, na ufunguo ubaki kwa anayefanya kazi. Kisha apime kwa kifaa kuhakikisha umeme haupo.

Huduma kwa wagonjwa. Mgongo huumia kwa kumwinua mgonjwa peke yako; mashine za kuinulia zipo kwa sababu hiyo. Mwajiri ambaye wafanyakazi wake huweza kugusa damu lazima awape chanjo ya homa ya ini aina ya B bila malipo. Mwanafunzi ambaye hajaajiriwa aulize shule kuhusu chanjo hiyo. Akichomwa na sindano iliyotumika, aoshe kwa maji na sabuni na atoe taarifa saa ile ile. Dawa za kuzuia VVU hufaa zaidi zikianza mapema, wala zisichelewe kupita saa 72.

Kelele. Hiki ni kipimo rahisi kwa kila ufundi: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, huenda kelele imefika desibeli 85, kiwango ambacho kikiendelea kwa saa 8 kwa siku huweza kuharibu usikivu. Uharibifu huo haurudi nyuma. Kijana avae vizibo vya masikio tangu siku ya kwanza.

Kemikali. Kila chombo cha kemikali kazini kinatakiwa kuwa na lebo, na kila kemikali ya hatari kuwa na karatasi ya taarifa za usalama ambayo mfanyakazi ana haki ya kuisoma. Kijana asihamishie kemikali katika chupa ya soda au ya maji. Chupa hiyo ikifika nyumbani, mdogo wake atainywa.

SEHEMU YA 5: VUMBI LISIINGIE NYUMBANI

Kuna madhara yasiyomgusa fundi mwenyewe kwanza, bali humgusa mtoto anayemkimbilia mlangoni. Kubwa miongoni mwake ni risasi, yaani madini ya risasi yaliyotiwa katika rangi za zamani. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, lakini nyumba nyingi za kabla ya hapo zingali zimesimama, na rangi hiyo iko chini ya rangi mpya. Inapokwanguliwa au kupigwa msasa, vumbi hushika kwenye nguo, viatu, nywele na kiti cha gari. Mtoto mdogo hulishika, kisha hutia mkono mdomoni.

Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, uwezo wake wa kujifunza na tabia yake. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mara nyingi mtoto haonyeshi dalili yoyote, na kipimo cha damu ndicho kinachofichua. Tangu mwaka 2021, kiwango cha mikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu ndicho kinachotumiwa na Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kutambua watoto wenye risasi nyingi kuliko wenzao. Watoto walio katika bima ya Medicaid hutakiwa kupimwa wakiwa na miezi 12 na tena miezi 24. Kama katika kaya yenu yuko anayefanya kazi ya ujenzi, kupaka rangi au kubomoa, mwambieni daktari wa mtoto hata kama hakuuliza.

Fanyeni hivi:

• Kijana abadili nguo na viatu kabla ya kuondoka kazini, aviweke katika mfuko uliofungwa.
• Aoshe mikono na uso kabla ya kula, na aoge mara afikapo nyumbani, kabla ya kumbeba mtoto, kukaa kwenye kochi au kutandika mkeka wa sala.
• Nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za watoto, wala zisikung’utwe.
• Viatu vya kazi vibaki nje ya mlango.
• Sakafu na madirisha yapanguswe kwa kitambaa chenye maji, si kwa ufagio mkavu.

Tangu mwaka 2010, kampuni zinazolipwa kukarabati nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 kwa namna inayosumbua rangi zinatakiwa kuwa na cheti cha kufanya kazi hiyo kwa usalama. Kijana ana haki ya kuuliza: “Nyumba hii ilijengwa mwaka gani?”

SEHEMU YA 6: KUULIZA KWA ADABU

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ilitiwa sahihi mwezi Desemba 1970. Mamlaka inayoisimamia hujulikana kwa herufi OSHA. Waliotoka Tanzania wanazijua herufi hizo, kwa kuwa huko nako kuna wakala unaoitwa hivyo. Hizi ni taasisi mbili tofauti. Hapa Marekani, mwajiri anatakiwa kutoa mafunzo ya usalama kwa lugha na maneno ambayo mfanyakazi anayaelewa. Kwa sehemu kubwa ndiye pia anayelipia vifaa vya kinga. Viatu vya kawaida vya kazi na miwani ya kawaida ya kusomea vinaweza kuwa juu ya mfanyakazi. Haki hizi hazitegemei hali ya uhamiaji ya mtu.

Tambueni jambo moja: sheria hii huwalinda walioajiriwa. Mwanafunzi aliye darasani bila kulipwa hulindwa kwa kanuni za shule na za jimbo. Kwa hiyo iulizeni shule, kwa maandishi: “Mwanafunzi akiumia karakanani, au mahali anapofanyia mazoezi, ni nani atakayelipia matibabu?”

Haki isiyotamkwa haimfai mtu. Fanyeni zoezi hili nyumbani. Mzazi awe msimamizi mwenye haraka, kijana awe mwanafunzi.

Msimamizi: “Haya, panda huko juu ulete zile mbao. Upesi.”
Kijana, akiwa amesimama: “Sawa, mkuu, nitazileta. Mkanda wa kujizuia kuanguka uko wapi? Bado sijafundishwa kuufunga.”
Msimamizi: “Ni dakika mbili tu. Wenzako hawavai.”
Kijana: “Naomba unionyeshe kwanza. Nataka kuifanya sawasawa.”

Rudieni mara tatu, kisha kijana aseme maneno hayo hayo kwa Kiingereza, kwa msaada wa mwalimu. Angalieni alivyofanya: hakubishana, hakumdharau mkubwa, wala hakupanda. Mara ya kwanza sauti yake itakuwa ndogo. Ni afadhali iwe ndogo sebuleni kwenu, ili siku ya siku iwe imekomaa.

Msimamizi akiendelea kumlazimisha afanye jambo linaloweza kumuua au kumjeruhi vibaya, kijana aseme wazi kwamba hatafanya mpaka hatari iondolewe, aombe kazi nyingine, na abaki mahali pa kazi mpaka aambiwe aondoke. Kisha awapigie simu mzazi na mwalimu. Malalamiko hupokelewa na OSHA kwa simu namba 1-800-321-6742, na mlalamikaji anaweza kuomba jina lake lisifichuliwe kwa mwajiri. Akifukuzwa au kuadhibiwa kwa sababu ya kulalamika, ana siku 30 tu za kuwasilisha malalamiko ya kulipiziwa kisasi. Msingoje.

SEHEMU YA 7: AKIUMIA

• Hatari ya maisha: piga 911. Sema neno “Swahili” ili utafutiwe mkalimani.
• Kemikali machoni: suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali.
• Kuungua: mwagia maji ya baridi ya bomba kwa dakika 10 hadi 20. Usipake dawa ya meno, mafuta, majivu wala siagi.
• Umeme: usimguse aliyeshikwa na umeme. Zima umeme kwanza, kisha piga 911.
• Sumu au kemikali iliyomezwa: piga 1-800-222-1222, saa yoyote, bila malipo. Mkalimani hupatikana.

Toeni taarifa ya jeraha kwa mwajiri na shule siku ile ile, kwa maandishi, hata kama ni dogo. Andikeni tarehe, saa, mahali, mashine, na waliokuwapo. Katika majimbo mengi, kijana aliyeajiriwa ana haki ya fidia ya wafanyakazi, inayolipia matibabu bila kujali nani alikosea. Mwambieni daktari kwamba jeraha limetokea kazini. Kuficha jeraha ili kulinda kazi huweza kumpotezea kijana fidia hiyo, na humwacha mwanafunzi anayefuata mbele ya mashine ile ile yenye kasoro ile ile.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Ni mashine gani unayotumia sasa, na ni nani aliyekufundisha? Alikuonyesha, au alikuambia tu?
2. Je, umewahi kusema “nimeelewa” ilhali hukuelewa? Ilikuwaje?
3. Kitufe cha kusimamisha mashine kiko wapi? Maji ya kuoshea macho je?
4. Nguo zako za kazi huziweka wapi ukirudi?
5. Mzazi: ni swali gani ulilotaka kuuliza kazini kwako ukanyamaza?

Swali la tano msiliruke. Wengi wetu tunafanya kazi katika maghala, viwanda vya nyama, usafi wa hoteli na ukumbi wa wagonjwa. Kijana hujifunza kwa macho zaidi ya masikio. Akimwona baba anamuuliza msimamizi wake kuhusu kelele, au mama anakataa kumwinua mgonjwa peke yake, hapo ameona somo hili likifanyika.

Karatasi ya shule ingali mezani. Sasa mnaweza kuisoma pamoja, mstari kwa mstari, na kuandika pembeni maswali mtakayompelekea mwalimu. Yakishajibiwa, tieni sahihi.

Kijitabu hiki hutolewa bila malipo. Kama unahitaji maelezo zaidi, fika katika Idara ya Afya ya Umma iliyo karibu nawe na uombe mkalimani wa Kiswahili.